Mshika Ufunguo wa Mama Sharon

Hakuna binadamu wa kunishangaza mimi. Sisemi hivyo kwa kujipiga kifua, ingawa kifua ninacho. Nimekaa kwenye vyumba vya watu Mwihoko, Kiandutu na Ruiru mjini miaka mingi nikiwauliza mambo ambayo hata pasta wao haulizi: unapata ngapi, unamficha nani, ukiambiwa uchukue mia tano leo au elfu moja mwezi ujao utachukua ipi. Nimemwona mwanamume akiniapia kwamba hana hata senti, simu yake ikalia mfukoni kumwambia pesa imeingia, na akaendelea kuapa bila kupepesa macho. Baada ya hayo, mtu atanishangaza na nini?

Nyinyi vijana mnaobaki ofisini mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi hii kabla sijasahau. Mimi sisahau. Nimestaafu kwa sababu ya magoti, na kwa sababu siku hizi mnahoji watu kwa simu, na mimi siwezi kumhoji mtu ambaye sioni miguu yake. Mtu anayedanganya husogeza miguu. Kuhusu vyeo nilivyopanda sitaandika, mnavijua. Kuhusu mshahara pia sitaandika. Hiyo ni siri yangu na mke wangu, na sehemu yake ni siri yangu peke yangu.

Nilitoka shule darasa la saba. Nikabeba magunia kwenye kiwanda cha unga hapa Thika, nikauza mayai ya kuchemsha stendi, nikanunua kaploti Mwihoko wakati watu walisema huko ni kwa fisi, na nikajenga vyumba vya kupangisha kwa mikono hii. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kwa hivyo siku gari la watafiti liliposimama mbele ya ploti yangu nilidhani ni watu wa stima wamekuja kukata.

Walikuwa vijana wanne wenye vitambulisho shingoni. Walitaka kuwauliza wapangaji wangu kuhusu maji ya kunywa: kama wanayachemsha, kama wanaweka dawa, na kama hawafanyi hivyo, kwa nini, ilhali wote wanajua kipindupindu ni nini. Waligonga mlango mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyefungua. Mimi nikacheka. Nikasimama katikati ya ploti nikasema kwa sauti, "Mimi ni Kinyua na leo sikuja kwa kodi." Milango yote ikafunguka. Jioni yule mkubwa wao aliniuliza kama ningependa kibarua cha kuwafungulia milango. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye utafiti wa uchumi wa tabia, na wengine wenu mlihitaji shahada mbili.

Maana ya jina hilo nilifafanuliwa mara nyingi, lakini wacha niwape yangu. Wasomi wa uchumi wa zamani waliamini kwamba mtu akijua jambo linamfaa, atalifanya. Halafu nadhani mmoja wao akarudi nyumbani akamwangalia mtu wa nyumbani kwake, akaona si kweli. Mtu anajua dawa ya presha ni ya kila siku, na anaimeza siku kichwa kinapouma. Anajua karo ni ya Januari, na anaanza kuitafuta Januari. Kazi yetu ilikuwa kujaribu vitu vidogo vidogo, ujumbe wa kumkumbusha, kisanduku chenye kufuli, malipo ya wiki badala ya siku, tuone kama mtu atafanya kile alichosema mwenyewe anataka kufanya. Wengine walipewa, wengine hawakupewa, na aliyeamua ni kura. Kuwaeleza watu ile kura ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Kila mtu anaamini kura ina mwenyewe anayeipanga.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Omolo, mtu mwembamba wa Kisumu aliyekuwa amehoji watu tangu siku za karatasi na penseli. Alitembea na kigoda kidogo cha kukunja ndani ya begi. Nilidhani ni uzee. Siku ya kwanza tukaingia chumba kimoja Kiandutu, kitanda, jiko, na kiti kimoja. Mwenye chumba alianza kuinuka ili Omolo akae. Omolo akafungua kigoda chake, akakaa chini kidogo kuliko yule mama, na yule mama akaongea mpaka tukachelewa. Tulipotoka akaniambia, "Ukimwondoa mtu kwenye kiti chake hawezi kukwambia ukweli akiwa amesimama." Nilinunua kigoda changu wiki hiyo hiyo. Bado ninacho, na siuzi.

Jambo la pili alilonifundisha lilinitesa zaidi: usimsaidie mtu kujibu. Uliza, halafu funga mdomo. Kimya kikiwa kirefu, kiache kiwe kirefu, kwa sababu jibu la kweli liko mwisho wa kimya. Mimi ni mtu wa maneno, mnanijua. Mwanzoni nilikuwa namuuliza mtu kama anaweka akiba na kabla hajapumua nishamwambia akiba ni muhimu. Omolo alikuwa ananikanyaga mguu. Nilivaa viatu vya ngozi ngumu miezi mingi kwa sababu yake.

Kulikuwa pia na maharagwe. Ukitaka kujua mtu anaona jambo litatokea au halitatokea, usimuulize asilimia, utampoteza. Mpe maharagwe kumi na sahani. Akiwa na hakika kabisa aweke yote, akiwa hana hakika apunguze. Mama mmoja Mwihoko nilimuuliza kama mtoto wake atamaliza shule, akaweka yote kumi. Nikamweleza kwamba kumi ni kusema hakuna shaka yoyote, hata ya ugonjwa, hata ya karo. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana mtoto wake. "Kwani unataka nimnyime haragwe?" Niliandika kumi. Mkija kuona kwenye takwimu kwamba wazazi wa Mwihoko wana matumaini kupita kiasi, mjue yanatoka wapi.

Mengine ni ya kawaida lakini yashikeni. Kiandutu nenda mapema kabla watu hawajatoka kusimama kwenye mageti ya viwanda, au nenda Jumapili mchana baada ya kanisa. Ukipewa chai, kunywa. Swali la pesa liwe la mwisho, na la mume liwe kabla ya mume kuingia.

Sasa nifike kwenye kazi ya kiwanda cha njugu za makadamia, kwa sababu najua ndiyo mnayotaka, na mmekuwa mkiisimulia vibaya kwenye chakula cha mchana.

Mkubwa wetu wakati huo alikuwa Daktari Wambui, msichana wa Ruiru aliyesoma ng'ambo akarudi akiwa bado anakula githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwa kijiko kimoja na sisi. Alikuwa amesikia jambo ambalo kila kibarua wa Thika anajua: pesa ikilipwa Jumamosi, Jumapili ina wenyewe. Kuna ndugu, kuna chama cha kuchangiana, kuna mgonjwa, kuna matanga. Huwezi kumwambia ndugu huna, na ameona foleni ya malipo. Daktari alitaka kujaribu hivi: kibarua anayetaka anaacha sehemu ya malipo yake kiwandani, inakaa mpaka shule zifunguliwe Januari. Kabla ya hapo haitoki, isipokuwa mtu mmoja aliyechaguliwa na mwenye pesa aje aseme itoke. Huyo mtu tulimwita mshika ufunguo. Bwana Kirit, mwenye kiwanda, ambaye babu yake alianza na duka la vitambaa hapa mjini, alitupa chumba kando ya geti. Alisema tu kwamba yeye hulipa watu Jumamosi na Jumatatu wanarudi kuomba kukopa, na kama tunaweza kutibu hiyo tutakaa bure.

Wengi walichagua mume, mama, au pasta. Halafu akaja Nafula.

Nafula alikuwa mchambuzi wa njugu, mtu wa huko magharibi ambaye alikuja Thika akiwa msichana na kuolewa na fundi wa mjengo kutoka kwao. Mtaani aliitwa Mama Sharon. Sharon ndiye aliyekuwa mtoto wa pili. Wa kwanza, Brian, alikuwa ameitwa sekondari nzuri miaka kadhaa nyuma, na pesa zilizokuwa zimewekwa za kumpeleka ziliingia kwenye matanga ya mtu wa ukoo wiki chache kabla ya kufungua. Nafasi ikaenda kwa mtoto mwingine. Brian sasa alikuwa anasukuma mkokoteni wa maji hapo Kiandutu, na kila asubuhi mama yake alipokuwa anakwenda kazini alikutana naye. Mwaka huo ilikuwa zamu ya Sharon kwenda sekondari ya bweni, na Nafula hakuwa na mipango miwili.

Nilimuuliza mshika ufunguo wake ni nani. Akanyamaza. Nikanyamaza, kama nilivyofundishwa.

"Wewe," akasema.

Nikamwambia mimi ni mfanyakazi wa mradi. Akasema karatasi imesema mtu mzima yeyote atakayekubali. Nikamuuliza kwa nini asichague mume wake.

"Baba Sharon ana huruma. Pasta ana huruma. Dada yangu ndiyo usiseme. Wewe nimekuona hapa kwa geti Jumamosi watu wakikuomba. Wewe huna."

Nilifurahi sana. Ni kweli, mimi sikopeshi. Mtu aliyejenga kwa mkono wake anajua kila tofali liliko. Nilimwita Daktari, akasoma karatasi yake mwenyewe mara mbili, akauma kalamu, akasema basi, haijakatazwa, na kwamba angependa sana kujua itaishia wapi. Nafula akasogeza kiti karibu.

"Hata nikija nikilia?"

"Hata ukija ukigaagaa."

"Na nikija na mtu?"

"Njoo na chifu."

"Uniapie, Mzee Kinyua."

Nikaapa. Nilikuwa natabasamu. Yeye hakuwa anatabasamu.

Miezi ilienda vizuri. Kila Jumamosi alipita dirishani kwetu, akauliza kama bado ninakumbuka, nikamwambia nakumbuka. Alianza kuja kazini na viatu vilivyoshonwa na uzi wa gunia. Wenzake walimtania kwamba tajiri wa Januari anatembea na kamba. Yeye alichambua njugu tu.

Novemba ilipokuwa inaisha, baba mdogo wa mume wake akafariki huko nyumbani. Wale wa ukoo wanaokaa Thika wakaunda kamati ya mazishi, na mwenyekiti akawa shemeji yake, Wekesa, dereva wa lori la mawe. Kila nyumba ikapangiwa kiasi. Mume wa Nafula, yule mwenye huruma, akasema mbele ya kamati kwamba yeye hana kitu, lakini mama watoto ana pesa zimefungwa kiwandani na ufunguo uko kwa mzee mmoja Mkikuyu.

Jumamosi hiyo foleni ya malipo ilikuwa imefika mpaka barabarani. Nikaona Wekesa anakuja, mtu mkubwa, kofia mkononi, na nyuma yake Nafula na leso kichwani. Daktari alikuwa ndani nami. Wekesa alisalimu vizuri, hata akaniuliza habari za watoto. Akaeleza kwamba marehemu ndiye aliyemlipia nauli ya kuja Thika mara ya kwanza, na ndiye aliyemnunulia suruali ya kwanza ndefu, na kwamba mtu kama huyo hawezi kuzikwa kama kuku. Aliongea kwa heshima. Sitaki mje kumsimulia kama mtu mbaya. Halafu akamgeukia Nafula, akamwambia aseme mwenyewe.

Nafula akasema, "Mzee, nimekuja kuomba unifungulie." Na akaanza kulia.

Nimeona watu wengi wakilia. Kuna wa kulia kwa macho na kuna wa kulia kwa mabega. Huyu alilia kwa mwili wote, alishika fremu ya dirisha asianguke, na foleni yote ikageuka kutazama. Nikamwangalia usoni nikitafuta dalili, jicho moja tu liniambie nishikilie. Sikupata. Nikafikiria Brian na mkokoteni wake. Nikafikiria pia kwamba mtu ana haki ya kubadilisha mawazo, na huyu ni mtu mzima, na pesa ni jasho lake.

"Hapana," nikasema.

"Mzee, ni msiba."

"Nimesikia. Pole sana. Hapana."

Wekesa akaweka kofia kichwani. Hakupiga kelele. Alisema kwa ile sauti ya kutosha watu wa foleni.

"Nyinyi watu wa huku mnazika mtu kwa vikombe vya chai, mchana mmerudi dukani. Sishangai. Mtu mchoyo hata machozi ya mwanamke ni bure kwake. Siku yako ikifika, mzee, utabebwa na watu wa kulipwa."

Kuna mmoja kwenye foleni alicheka. Kama huyo mtu asingecheka, labda haya yote yasingekuwepo. Mimi, Kinyua, mtu ambaye hata pasta hunipigia simu kabla ya kununua mabati, nichekwe na vibarua mbele ya geti? Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa elfu tatu, nikampa Wekesa dirishani. Nikamwambia aandike kwa kamati: Kinyua, kutoka Mwihoko. Pesa ya Mama Sharon inabaki pale ilipo.

Wekesa aliitazama ile pesa, akanitazama, na uso wake ukabadilika wote. Alipitisha mkono wake dirishani akaushika wangu kwa mikono miwili. Akaniita ndugu. Akaniomba namba ya simu ili kamati inishukuru rasmi. Nikampa. Daktari, nyuma yangu, alifunga kompyuta yake polepole.

Foleni ilipoisha akaniuliza kama ninajua kwamba wafanyakazi wa mradi hawaruhusiwi kuwapa washiriki pesa. Nikamwambia Wekesa si mshiriki. Akaniuliza kama nilitoa kwa sababu niliitwa mchoyo au kwa sababu ya yule marehemu na suruali yake. Nikaanza kumjibu na akawa ananyamaza tu, ananiangalia. Nani alimfundisha kunyamaza hivyo? Ni mimi. Nikasema swali lake halina kisanduku cha kujaza kwenye fomu, nikatoka nje kununua mahindi.

Jumatatu Nafula alikuja kabla ya king'ora cha kuingia kazini. Nilikuwa nimelala vibaya siku mbili, sisemi kwa nini. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa. Akasimama pale pale dirishani.

"Asante," akasema. "Ulikataa vizuri."

Nikamuuliza kama yale machozi yalikuwa ya uongo.

"Yalikuwa ya kweli. Niliogopa utakubali."

Sikuwa na neno. Andikeni hiyo mahali, kwa sababu haijatokea tena. Akanieleza kwamba mtu wa kwao aliyeolewa hawezi kumwambia shemeji hapana kwenye msiba, akisema hapana amejitoa kwenye ukoo, na siku yeye akifiwa hakuna atakayekuja. Alichoweza ni kuwa na mtu wa nje ambaye atasema hapana kwa niaba yake, mbele ya watu wote, na yeye awe ameonekana akiomba. Sasa Wekesa mwenyewe alikuwa anamtetea kwa kamati. Alikuwa anawaambia kwamba Mama Sharon alifanya yote, akalia mpaka akashindwa kusimama, na ni yule mzee aliyekataa.

Miezi yote hiyo nilidhani alinichagua ili nimzuie yeye asiguse pesa. Yeye hakuhitaji kuzuiwa. Angetembea miguu mitupu mpaka Januari.

"Lakini Mzee Kinyua," akasema, "ile elfu tatu ulikuwa unanunua nini?"

Nikasema nilikuwa nalinda jina.

Akavuta leso yake, akanitazama vile mama humtazama mtoto aliyepanda mti na sasa hajui kushuka.

"Sasa watakujia. Na wewe, nani ameshika ufunguo wako?"

King'ora kikalia, akaingia kazini.

Walinijia. Jioni hiyo nilijikuta kwenye kundi la simu la kamati, nikiwa nimekaribishwa na watu nisiowajua kama rafiki mkubwa wa familia. Kila michango iliposomwa, jina langu lilikuwa juu. Ukaja mchango wa gari la kubeba mwili, Wekesa akapiga mwenyewe, akasema hawaombi, wananijulisha tu. Ukaja wa ng'ombe. Ningesema hapana? Hapana yangu ni maarufu Thika nzima, lakini hapana ya mtu aliyekwisha kutoa huwa haina meno. Nilituma. Halafu wakanitumia ratiba ya mazishi, na jina langu lilikuwa limechapishwa kati ya wasemaji, baada ya mwakilishi wa kanisa. Mke wangu aliisoma ile ratiba, akaniuliza huyu marehemu ni nani. Nikamwambia nikirudi nitamwambia.

Nilienda. Nililipa nauli, nikanunua shati jeupe, nikasafiri mpaka huko magharibi. Waliniketisha kwenye hema pamoja na wazee, wakanipa kuku mzima, na kipaza sauti kilipofika kwangu nilisimama nikasema maneno kuhusu mtu ambaye sijawahi kumwona. Nilisema alimnunulia kijana suruali yake ya kwanza ndefu na kumlipia nauli ya kwenda kutafuta maisha, na kwamba mimi nilitafuta maisha bila mtu wa namna hiyo, kwa hivyo najua bei yake. Watu walilia. Wekesa alilia kwa mabega. Niliongea vizuri sana, hata wao walisema. Nafula alikuwa upande wa wanawake, anagawa chai, na alipofika kwangu akanimiminia kikombe kikajaa mpaka kwenye sahani bila kuniangalia usoni.

Daktari alinihamishia kazi za shule huko Ruiru baada ya hapo. Hakuniadhibu, mnielewe. Alisema tu kwamba mshika ufunguo akiwa pia ndiye anayeandika majibu, kuna shida, na ameongeza mstari mmoja kwenye karatasi ya mradi. Huo mstari mnaouona sasa, unaokataza wafanyakazi wa ofisi kuchaguliwa, ni wangu. Si kila mtu ana mstari.

Januari Mama Sharon alipokea pesa zake zote, hakuna shilingi iliyotoka kabla ya siku. Aliomba ruhusa ya saa moja, wakaja na Sharon mpaka ofisini hapa Thika, siku niliyokuja kuleta fomu, kunionyesha sanduku la bati, jipya, limeandikwa jina kwa rangi nyeupe. Brian ndiye aliyelileta, kwenye mkokoteni. Yule msichana alinisalimia kwa kuinama, mama yake akamwambia, "Huyu ndiye Mzee Kinyua. Huyu hana huruma." Sharon hakujua acheke au akimbie. Leo anasoma, na likizo akija hupita kunisalimia, na mimi humuuliza maswali na kunyamaza.

Kwenye kompyuta ya Daktari, Nafula ameandikwa kama mtu ambaye pesa yake haikuguswa, na hiyo ni kweli. Nilimuuliza Daktari kama kuna safu ya mshika ufunguo, inayoonyesha kukataa kumemgharimu nini. Akafikiria, akasema hakuna, haikumjia akilini kwamba hapana ina bei, na bei hiyo inalipwa na mtu. Ninyi mtakaofanya tena kazi ya namna hii, wekeni hiyo safu. Maharagwe msinipe, mimi nina hesabu kamili, nilijumlisha nauli na shati na ada za kutuma kwa simu. Anzeni na yangu: shilingi elfu kumi na nane, mia moja na sitini na tatu.